Sura ya Tisa: Mchirizi Uliokatika

Saa mbili na robo asubuhi Inspekta alikuwa ameshaizunguka meza yake mara nne, na chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Kituoni walimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa sababu ya wembamba wake. Waliofanya naye kazi walijua sababu nyingine: mwanamke huyu alikuchoma taratibu, na ulipokuja kushtuka, uzi ulikwisha pita.

Juu ya meza palikuwa na mchoro wa jengo, umechapishwa kwenye karatasi pana kama taulo la kuogea. Siku kumi na moja zilizopita, sakafu ya juu ya jengo hilo la sokoni iliporomoka na kuua watu watatu: muuza viatu, mteja wake aliyekuwa ameshavaa kiatu cha kushoto, na mpagazi aliyeingia kuomba maji. Mkandarasi aliyekuwa akipanua duka la chini alikuwa amebomoa nguzo ya katikati. Alipohojiwa hakubabaika. Alitoa nakala ya mchoro aliyopewa na masjala ya ramani za majengo, akaweka kidole penye nguzo. Palikuwa na kisanduku kidogo cheusi, hakina neno wala alama, sawa na visanduku vya nguzo za urembo za barazani.

"Mchoraji hakusema kama imebeba kitu," alisema. "Mimi nisome nini, mawazo yake?"

Jibu hilo lilimtosha mkuu wa kituo. Mchoraji alikamatwa, na leo saa nane mchana angepelekwa kwa hakimu kusomewa shtaka la kusababisha vifo. Sindano alikuwa na saa tano na dakika arobaini na tano, na kitu kilikuwa kikimwasha asichoweza kukikuna. Mkandarasi alikuwa amejibu upesi mno, kama mtoto aliyefundishwa shairi.

Alimwita Sajini, mtu mnene, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kituoni, wakashuka mahabusu.

Nje ya mlango wa chuma, kwenye benchi, binti wa mchoraji alikuwa amekaa na dawa za presha za baba yake pamoja na sweta lililokunjwa vizuri. Alikuwa amekaa hapo tangu jana. Sindano alimwambia aende akale kidogo. Binti alijibu kwamba ataondoka na baba yake au hataondoka, kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo.

Ndani, mzee mwenyewe alikaa wima, mgongo haugusi ukuta. Wanafunzi wake wa zamani walimwita Mzee Rula, na jina likamshika hadi uzeeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuliza yaleyale."

"Yaleyale. Kuuliza hakuna ushuru."

Akaeleza kwa mara ya nne, bila kubadilisha hata nukta. Alichora jengo lile miaka thelathini na moja iliyopita. Mchoro ulikwisha gongwa muhuri ndipo mhandisi alipogundua kwamba nguzo ya katikati ingebeba mzigo mkubwa kuliko walivyofikiri, akamwagiza aweke onyo. Kwa kuwa wino wa muhuri ulikuwa umekauka na kuchora upya kungechukua wiki mbili, aliandika onyo hilo kwa penseli, kando ya nguzo, kwamba isiondolewe.

"Kwa penseli," Sindano alirudia.

"Penseli ngumu. Inaandika rangi hafifu, lakini haifutiki kwa urahisi."

"Na karatasi yenyewe?"

"Waliniambia mchwa waliikula stoo. Zilibaki picha zake tu, zilizopigwa na mashine." Mzee alimtazama machoni. "Sikatai kufungwa kama nimeua. Lakini niliandika. Mtu hawezi kusahau aliloliandika kwa hofu."

Sindano alitoka akitembea kwa kasi. Sajini alimfuata akihema.

Masjala ilikuwa ghorofa ya pili ya ofisi za baraza la mji. Mkuu wake alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye suti ya kahawia na sauti ya msoma taarifa ya habari. Meza yake ilikuwa tupu kabisa isipokuwa karatasi moja, na karatasi hiyo ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya wageni hao.

Alieleza kwa utulivu. Miaka ishirini na mitano iliyopita masjala ilinunua mashine ya kupiga picha za ramani. Mashine ile ilihifadhi picha katika mafaili ya namna yake, yasiyofunguka kwa programu nyingine yoyote. Kampuni iliyoitengeneza ilikufa, mashine nayo ikafa, na masjala ikabaki na picha elfu sita zisizofunguka, kama mtu aliyerithi makufuli bila funguo. Mwaka jana walimwajiri fundi kwa mkataba ayageuze mafaili yote kuwa picha za kawaida, nyeusi na nyeupe tupu, ambazo kompyuta yoyote ingezisoma. Tangu hapo hakuna aliyezigusa.

"Uthibitisho huu hapa," alisema, akaisogeza ile karatasi. "Hii ni orodha iliyotolewa siku kazi ilipokamilika. Mchoro namba mia mbili kumi na nne, baiti milioni tatu, laki nane na ushee. Faili la leo hili hapa. Baiti ni zilezile, hakuna iliyopungua wala kuzidi, na tarehe ni ileile. Neno likifutwa, Inspekta, lazima kitu kipungue."

Sajini aliandika. Sindano aliomba kukopa michoro mingine kumi iliyogeuzwa wakati ule, aifananishe. Mkuu wa masjala alikubali bila ubishi na hata akamwagiza karani wa dirishani aichape haraka. Walipoagana aliongeza, kama mtu anayesitasita kumsema mwenzake, kwamba yule fundi hakuwa makini sana. Kulikuwa na malalamiko. Kama kitu kilipotea, huenda kilipotea mikononi mwake.

Kwenye ngazi Sajini alisema kesi imeisha. Mzee aliandika kwa penseli hafifu, fundi akaila penseli wakati wa kugeuza, na hakuna mwenye kosa ila bahati mbaya.

"Labda," alisema Sindano. Alishuka vidato viwili viwili.

Fundi alikuwa na karakana nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Watu walimwita Fundi Faksi kwa kuwa alitengeneza mashine za faksi kwa miaka kumi na minane, hadi faksi zilipotoweka mjini na kumwachia jina peke yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine utosini. Alipoona sare ya Sajini, bisibisi ilimponyoka.

Sindano alivuta kigoda, akakaa, akasimama tena. Alimtandikia ule mchoro juu ya meza, akamwomba aeleze kazi aliyoifanya, polepole, kama anamweleza mtu ambaye hajui kitu.

Picha ya zamani, Fundi alisema, ilikuwa na nukta, na kila nukta ilikuwa na rangi yake kati ya kumi na sita, kuanzia nyeupe kupitia kijivu cha kila namna hadi nyeusi. Picha mpya ilijua mambo mawili tu. Nukta nyeusi iliandikwa moja, nyeupe ikaandikwa sifuri. Kwa hiyo ilibidi aweke mpaka. Kijivu kilichokoza kuupita mpaka kilihesabiwa cheusi, na kilichopauka kuliko mpaka kilihesabiwa cheupe, yaani kilipotea.

"Na mpaka uliuweka wewe."

"Niliuweka mimi."

"Vilipotea vingapi?"

Fundi alivua miwani ya utosini, akaifuta, akairudisha. Kisha akasema, akitazama sakafu, kwamba zilipotea sahihi kadhaa zilizotiwa kwa wino wa buluu uliopauka. Aligundua alipokuwa amefika karibu mwisho, akaogopa kusema, maana mkataba ulisema kosa lolote atalirekebisha bure. Hajalala vizuri tangu jengo lianguke. Aliposikia habari ya mzee na penseli yake alijiambia kwamba ni yeye. Ni yeye aliyewaua wale watu.

Sajini alifunga daftari na kugusa pingu kiunoni. Sindano alimwashiria asubiri. Alikuwa ameinama juu ya meza, akiipanga ile michoro kumi na mmoja ubavu kwa ubavu, na kidole chake kilikuwa kikifuata kitu.

"Huu mstari ni wa nini?"

Upande wa kulia wa kila mchoro, toka juu hadi chini, kulikuwa na mchirizi mwembamba kama unywele. Ulipita juu ya vyumba, juu ya ngazi, juu ya majina ya wahandisi, bila kujali kilichochorwa.

"Huo si wa kuchorwa," Fundi alisema. "Kioo cha ile mashine ya zamani kilikuwa na mkwaruzo. Kila karatasi iliyopita pale ilitoka nao. Nilitaka kuuondoa nikaona ni kazi ya mwaka mzima."

"Uko kwenye picha zote?"

"Zote elfu sita."

"Na hauna mahali unapokatika?"

"Utakatikaje, Inspekta? Mkwaruzo uko kwenye kioo, hauko kwenye karatasi."

Sindano aligeuza mchoro namba mia mbili kumi na nne umwelekee Fundi, akaweka ukucha kando ya nguzo ya katikati. Mchirizi ulishuka toka juu, ukafika karibu na kile kisanduku cheusi, ukakoma. Kiasi cha upana wa vidole vitatu chini yake ulianza tena na kuendelea hadi mwisho wa karatasi. Kati ya ncha hizo mbili palikuwa peupe. Hapakuwa hata na vile vitone vya uchafu vilivyotapakaa kila mahali pengine kama pilipili manga.

Fundi alishusha miwani ya utosini, akawa na miwani miwili machoni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mpaka wangu haufanyi hivi," alisema taratibu. "Mpaka unakula kilichopauka. Huu mchirizi ni mweusi tii. Hapa mtu amepiga deki."

"Lakini faili halikupungua," Sajini alisema. "Baiti ni zilezile."

"Haziwezi kupungua. Picha ya namna hii ni kama trei ya mayai, afande. Trei ya mashimo thelathini ni ya mashimo thelathini, iwe na mayai au iwe tupu. Ukifuta neno unabadilisha moja kuwa sifuri, na sifuri inakula nafasi ileile. Na tarehe ndiyo rahisi kuliko zote. Unarudisha nyuma saa ya kompyuta, unahifadhi, unairekebisha saa."

"Nani anaweza?"

"Mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta. Mimi niliurudisha mwaka jana, nikatia sahihi. Karani hana."

Ilikuwa saa nne na nusu. Sindano alimuuliza Fundi swali ambalo aliogopa jibu lake, yaani mafaili ya zamani yako wapi. Kwa mujibu wa mkataba, Fundi alisema, yalipaswa kuharibiwa. Kisha akajikuna shingo. Fundi wa kweli hatupi kitu. Zile diski alizibeba nyumbani ndani ya boksi la sabuni, na mke wake, ambaye hakupenda takataka zake, alikuwa akilitumia boksi hilo kuzuia mlango wa jikoni usijifunge.

Sajini alikwenda kulichukua kwa gari la polisi. Kabla hajaondoka Fundi alimsihi amsalimie mke wake kwa adabu na kumwachia jiwe la kuegesha mlango, la sivyo yeye Fundi asingekuwa na pa kulala.

Diski yenye mchoro huo ilipatikana, ya arobaini na tatu, na kifaa cha kuisomea kilikuwa rafuni kati ya faksi mbili zilizokufa. Kikwazo kilikuwa programu ya kugeuzia, ambayo ilibaki ndani ya kompyuta ya masjala. Fundi alifungua daftari lake la mwaka jana na kuanza kuiandika upya. Sindano alisimama mlangoni, akaenda dirishani, akarudi mlangoni. Saa tano ilipita. Simu ya mkuu wa kituo iliita mara mbili, naye hakuipokea.

Picha ya kwanza ilitoka kama blanketi jeusi. Fundi alikuwa amezipindua rangi, mchana ukawa usiku. Akarekebisha. Ya pili ilitoka nyeupe lakini imelala mshazari, kuta zote zimepinda kama nyasi kwenye upepo. Akaapa kwa sauti ndogo. Daftari lilikuwa na kila kitu isipokuwa upana wa karatasi kubwa, yaani idadi ya nukta katika kila mstari. Ukikosea idadi hiyo hata kwa nukta chache, kila mstari unaanza pale mwenzake alipopaswa kuishia, na picha nzima inateleza.

"Utajuaje upana sahihi?" Sindano aliuliza.

"Kwa kubahatisha. Jana ningesema hivyo." Fundi alielekeza kidole kwenye skrini, kwenye ule mkwaruzo, ambao sasa ulikatiza picha kwa mshazari. "Leo nina timazi. Mkwaruzo ulikuwa wima. Ukisimama wima, nimefika."

Akajaribu tena na tena, akiongeza nukta nane kila mara. Mchirizi ulianza kunyanyuka, kama mgonjwa anayeinuka kitandani. Jaribio la kumi na nne uliinama kidogo. La kumi na tano ulisimama wima, na kuta za jengo zikasimama pamoja nao.

Kando ya nguzo ya katikati, kwa kijivu chepesi, kulikuwa na mwandiko wa herufi za mraba, zimenyooka kama zimepangwa kwa uzi:

NGUZO HII ISIONDOLEWE. IMEBEBA SAKAFU YOTE YA JUU.

Na mchirizi ulipita katikati ya maneno hayo bila kukatika.

"Sasa geuza," Sindano alisema. "Tumia mpaka uleule wa mwaka jana. Nataka kuona kama ungeyala."

Fundi aliandika namba ileile. Hukumu yake mwenyewe ilikuwa ndani ya namba hiyo. Picha ikatoka nyeusi na nyeupe tupu. Maandishi yalikuwapo. Herufi zilikuwa zimetoboka kama kitambaa kilicholiwa na nondo, lakini zilisomeka zote. Fundi alikaa chini, akafunika uso kwa mikono. Sindano alimwacha. Alipotulia alimwomba achape nakala tatu, kisha amwonyeshe faili lenyewe kwa programu ya kuandikia barua tu. Zikaonekana moja na sifuri, ukurasa baada ya ukurasa. Fundi alisema picha ya namna hiyo ni masikini kuliko zote, ndiyo maana haina pa kuficha siri. Hata hakimu angeweza kuihesabu kwa kidole.

Saa sita kasorobo walikuwa tena ghorofa ya pili. Mkuu wa masjala aliwakaribisha kwa sauti ileile ya taarifa ya habari. Sindano safari hii alikaa, na akakaa kweli, mikono juu ya mapaja.

"Kazi nzuri ile orodha yako ya baiti," alisema. "Ulijuaje tutaiuliza?"

Mkuu wa masjala alisema alifikiri tu.

"Mkandarasi wa sokoni ni nani kwako?"

Alimfahamu kikazi, kama wakandarasi wote.

"Kikazi. Sajini, ulipokwenda kuchukua leseni yake nyumbani, alikufungulia nani?"

"Mke wake," Sajini alisema, bila kuinua macho kwenye daftari. "Mama mwenye watoto wanne. Kaka yake yuko ukutani kwenye picha ya harusi, na suti ya kahawia."

Mkuu wa masjala aliitazama suti yake kana kwamba imemsaliti. Kisha akasema kuwa na shemeji si kosa. Sindano alikubali. Hakumwonyesha bado ule mchoro wa Fundi. Alitaka kwanza ushahidi kwamba mkandarasi alifika kuchukua nakala safi baada ya ajali, si kabla, kwa hiyo aliomba daftari la nakala zinazotolewa. Karani akalileta. Sindano alipitisha kidole chini ya safu, toka siku ya ajali, akitafuta namba mia mbili kumi na nne.

Aliipata mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa siku moja baada ya jengo kuanguka, na iliyochukua ilikuwa kampuni ya shemeji. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Ya pili ilikuwa ya Jumatatu, siku tatu zilizopita. Aliisoma kwa sauti, kwa kuwa hakuielewa.

"Mchoro mia mbili kumi na nne. Nakala moja. Msimamizi wa ukarabati, jengo la ushonaji." Akainua macho. "Jengo la ushonaji lina uhusiano gani na mchoro wa sokoni?"

Karani wa dirishani ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayesaidia. Yalikuwa mapacha. Miaka michache baada ya lile la sokoni, baraza lilijenga la pili kwa mchoro uleule ili kuokoa muda. Yule msimamizi alikuja Jumatatu, rundo la nakala likapelekwa kwa mkuu, mkuu akalitia sahihi lote. Wanapanua chumba cha chini. Walisema wataanza leo.

Sindano alimgeukia mkuu wa masjala. Alikuwa amewahoji wengi waliogeuka rangi mbele yake, lakini hakuwahi kuona uso ukiisha damu upesi hivyo.

"Sikuangalia," alisema. Sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imekwisha. "Rundo zima. Nilitia sahihi rundo zima, sikuangalia."

"Kuna watu mle?"

"Wanawake wa ushirika. Juu. Arobaini na kitu, na vyerehani."

Sindano alikuwa ameshasimama. Aliuliza namba ya msimamizi, na karani akaanza kuitafuta kwenye fomu, lakini mkuu wa masjala aliinyakua ile fomu, akapiga simu ya mezani yeye mwenyewe. Alikosea mara moja, akapiga tena. Kalamu ya Sajini ilikuwa juu ya karatasi.

"Ni mimi, wa masjala," alisema ilipopokelewa. "Nguzo ya katikati. Msiiguse. Kuna onyo kwenye mchoro, mimi ndiye niliyelifuta. Nasema nililifuta mimi, unanisikia? Nililifuta kwa ajili ya shemeji yangu. Toa watu juu. Toa watu kwanza, utaniuliza baadaye."

Akasikiliza. Mkono wake ulishuka na simu ndani yake.

"Wameshaikata nusu," alisema.

Garini Sindano hakuwasha redio kuripoti kwa mkuu wa kituo. Alimpigia mlinzi wa zamu wa mahabusu, akamwamuru amtoe Mzee Rula na kumpeleka kwenye jengo la ushonaji sasa hivi. Mlinzi aliuliza atoe kwa hati gani. Sindano alimwambia aandike jina lake na saa, makosa mengine atayabeba yeye.

Walipofika wanawake walikuwa wakitoka kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wengine na mavazi yenye pini bado mikononi. Mkuu wa masjala, aliyekaa kiti cha nyuma kando ya Sajini, alikuwa akiwahesabu kwa midomo. Alipofika arobaini na moja mlango ulifungwa. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo cha gari. Baadaye, bila kuulizwa, alimwambia Sajini kwamba dada yake alimpigia magoti jioni ya siku ya ajali, akisema watoto watakula nini baba yao akifungwa. Alifikiri mzee wa miaka sabini na sita hatafungwa kweli. Alifikiri ni maneno machache tu ya penseli.

Sindano alikuwa ameshaingia ndani.

Nguzo ilisimama katikati ya chumba na jeraha upande mmoja, vyuma vyake vikionekana. Darini ufa mpya ulikuwa umeanza kutambaa kuelekea dirishani. Mafundi wa msimamizi walisimama mlangoni na nyundo zao, hakuna aliyejua aingie au akimbie. Msimamizi alitaka kusimika magogo chini ya dari mara moja. Hapo ndipo gari la pili lilipofika, na mzee akashuka akiwa amevaa sweta, binti yake kando yake na karatasi ya dawa mkononi.

Mzee Rula hakuingia kwanza. Alisimama mlangoni, akatazama dari kwa muda ambao kwa Sindano ulikuwa kama saa nzima. Kisha akasema magogo yasiwekwe karibu na nguzo, kwani sakafu pale itatoboka kama karatasi. Yawekwe mawili hapa, mawili pale, chini ya boriti, na mtu yeyote asigonge kitu. Wayainue kwa mikono. Alionyesha kila mahali kwa kidole, na kidole chake hakikutikisika.

Msimamizi alimgeukia Sindano. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye vumbi hadi kwenye kope, na hakuwa na muda wa heshima.

"Inspekta, huyu mzee ni nani hata nimsikilize?"

"Ndiye aliyelichora."

Msimamizi alimtazama mzee kwa mara ya pili. Akavua kofia yake ngumu, akamvika, akawageukia vijana wake na kuwaambia washike magogo pale mzee anaposema.